Maporomoko, mtiririko, chururu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maji yanayoshuka na yanayokwenda

Maswali haya yamenifikia kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kutoka kwa wanafunzi, wazazi wanaosaidia watoto kazi za nyumbani, watafsiri, na waongoza watalii wawili watatu. Mimi ni mhariri, naishi Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku. Pale Unguja, Mombasa, Nairobi au Lubumbashi wanaposema vingine, nimetaja.

Maporomoko ni nini hasa?

Ni pale mto unapofika ukingoni mwa jabali na maji yake yakashuka kwa kishindo. Neno limetoka kwenye kitenzi *poromoka*, yaani kushuka kwa wingi na kwa kasi baada ya kukosa cha kushikilia. Mawe huporomoka mlimani, ukuta huporomoka, bei ya mazao huporomoka, na maji nayo huporomoka. Ndani ya neno lenyewe hamna maji. Ndiyo maana tunasema "maporomoko ya maji" na hatuwi tumerudia maneno.

Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ndiko kuporomoka kwenyewe. Mto unafika ukingoni, unaachia, na maji yanashuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja bila kugusa ngazi ya katikati. Linganisha na Karuru, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya: mita 273, lakini kwa ngazi tatu. Yote mawili ni maporomoko, ila ukiyaelezea kwa sentensi moja utaona ya Kalambo *yanaporomoka*, na ya Karuru *yanateremka kwa hatua*.

Mbona ni wingi siku zote? Siwezi kusema "poromoko"?

Unaweza. Umoja ni *poromoko*, na hakuna atakayekukamata. Ila ukisema "tulikwenda kuona poromoko" watu watakutazama kidogo. Neno limezoea kutembea katika wingi pamoja na *maji* yenyewe, na viambishi vinafuata: maporomoko *haya ni marefu*, *yanavutia*, *yako* Udzungwa. Hata yakiwa mahali pamoja tu, sema *haya*, usiseme *hii*. Ukitaka kuhesabu, "maporomoko mawili" hayana kosa, na muktadha utaonyesha kwamba unahesabu mahali.

Na "maanguko ya maji"?

Neno sahihi, lakini limepauka. Utalikuta kwenye tafsiri za zamani na kwa waandishi wachache wanaolipenda. Tatizo langu nalo ni kitenzi *anguka*. Kinachoanguka kwa kawaida kilikuwa kimesimama au kimeshikwa: mtoto, kikombe, serikali, nazi. Mto ulikuwa unakwenda tangu mwanzo, haukusimama mahali ukaanguka. Zaidi ya hapo *maanguko* siku hizi yamehamia kwenye maana ya kushindwa au kuharibikiwa.

Niliwahi kuletewa kipeperushi cha kampuni moja ya utalii, kimeandikwa kwa herufi kubwa "Njoo uone maji yanayoanguka". Nikampigia kijana aliyekiandaa. Akaniambia, "Sasa kaka, si ndiyo yanaanguka?" Nikamwambia yaanguke tu, lakini mgeni akisoma hivyo atadhani tangi limepinduka. Akacheka, akabadilisha.

Nimesoma habari "maporomoko yasababisha vifo" nikadhani ni maji. Kumbe?

Ni kawaida kuchanganyikiwa, kwa sababu neno halisemi nini kimeporomoka. Tarehe 3 Desemba 2023, Katesh wilayani Hanang, kilichoshuka kutoka mlimani kilikuwa tope, mawe na magogo, na vyombo vya habari viliandika *maporomoko ya tope*. Kuna pia *maporomoko ya ardhi* na *ya udongo*. Ushauri wangu kwa anayeandika vichwa vya habari: usiliache neno peke yake. Kwenye tangazo la utalii maporomoko bila nyongeza yatasomwa kama ya maji. Kwenye taarifa ya maafa yatasomwa kama ya ardhi. Katikati ya hapo msomaji anabahatisha.

Usichanganye tena na *mmomonyoko*. Huo ni udongo kulika polepole, mvua baada ya mvua, mpaka mizizi inabaki nje. Poromoko la ardhi huchukua dakika. Mmomonyoko huchukua miaka. Halafu kuna *mporomoko*, ambao magazetini ni wa bei, wa thamani ya shilingi au wa maadili. Kwa maadili watu husema vyote viwili, *mporomoko* na *mmomonyoko*, na sijaona anayetofautisha.

Tiririka, churuzika, bubujika, foka, miminika: si yote ni maji kutoka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitakaa nalo. Mwenye Kiswahili chake hatafuti kwanza kivumishi cha kusema maji ni mengi au machache, ya kasi au ya pole. Anachagua kitenzi, na kitenzi kinakuwa kimeshapima.

Nilijifunza hili kwa fundi bomba kuliko kwa kitabu chochote. Nilimpigia simu asubuhi moja:

"Fundi, bomba la jikoni linavuja."

"Linavuja vipi bosi? Linadondosha au linachuruzika?"

"Tofauti yake nini?"

"Likidondosha nakuja na wosha. Likichuruzika nakuja na koki nzima."

Hakuuliza kwa ajili ya ufasaha. Alikuwa anapima ukubwa wa kazi, na bei, kabla hajapanda bodaboda.

Tuanze na *dondoka*: maji yanakuja tone moja moja, na kati ya tone na tone kuna nafasi unayoweza kuisikia. Pwani kuna pia *tona*, kitenzi cha tone lenyewe, ingawa kwa sasa utasikia *kutona* kwenye hina zaidi kuliko kwenye maji. Bara hapa Tanzania *dondoka* limepanuka mno, kila kitu kinadondoka: simu imedondoka, mtu kadondoka kwenye pikipiki. Kwa hiyo ukitaka maji ya tone tone, taja tone: "matone yanadondoka".

*Churuzika* ni pale nafasi kati ya tone na tone inapokufa. Maji yamekuwa uzi. Ni mwembamba lakini haukatiki. Damu ya kidonda cha wembe huchuruzika. Alama inayobaki ukutani baada ya mvua, ule mstari wa kahawia ulioshuka toka darini, ni *mchirizi*. Watoto wasiotaka kufuta machozi wana *michirizi* mashavuni.

*Tiririka* ni mwendo. Maji yanakwenda juu ya kitu, kwenye mteremko, mfululizo, bila fujo. Hapa wingi si hoja: chozi moja hutiririka na Mto Rufiji hutiririka. Kinachotakiwa ni njia ya kupita na utulivu. Ndiyo maana "maji ya maporomoko yanatiririka" inanikera kidogo kila ninapoihariri. Yakishafika chini, yakatulia, yakaendelea na safari kati ya mawe, hapo yatiririke. Kule juu yanaporomoka.

*Bubujika* huanzia chini. Maji yanatoka ardhini yakisukumwa, yanaumuka, yanafanya mapovu. Chemchemi hububujika. Karibu na Boma Ng'ombe mkoani Kilimanjaro kuna mabwawa ya chemchemi ambayo watu huyaita Chemka, na mgeni wa mara ya kwanza huogopa jina, akidhani ataungua. Maji ni vuguvugu tu. Kinachochemka pale ni kule kububujika.

*Foka* ni kutoka kwa nguvu kupitia tundu. Greda limekata bomba kuu barabarani, maji yanaruka juu ya vichwa vya watu: yanafoka. Kitenzi hikihiki ndicho tunachokitumia kwa mtu mwenye hasira, "alinifokea mbele za watu", na ukishaliona bomba lililopasuka huhitaji maelezo zaidi kuhusu uhusiano huo.

*Miminika* hutaka chombo na kitu cha juu yake. Chai humiminwa kutoka birika kwenda kikombe. Mvua inapomiminika, tunakuwa tumeifanya mbingu birika. *Mwagika* nayo hutaka chombo, ila bila kukusudia, na ndiyo sababu methali ikasema maji yakimwagika hayazoleki. Haikusema yakimiminika.

Chururu ni neno kweli? Nimeliona kwenye methali.

Ni tanakali ya sauti, yaani neno linaloiga mlio, na methali yenyewe ni *Chururu si ndo! ndo! ndo!* Naipenda kuliko nyingi kwa sababu haina jina la kitu chochote ndani yake. Ni milio miwili imewekwa kwenye mizani: mlio wa maji yanayochuruzika mfululizo, na mlio wa matone. Mmoja si mwenzake, imekwisha.

Kama unataka kuisikia, kaa kwenye nyumba yenye mgao wa maji. Saa nane za usiku umeweka ndoo chini ya bomba ukalala sikio wazi. Kwanza bomba linakohoa hewa. Halafu ndo. Ndo. Unasema moyoni, hii haijai leo. Unageuka upande wa pili. Halafu, kama una bahati, mlio unabadilika, unakuwa mmoja mrefu, chururu, na nyumba nzima inaamka na madumu.

Watu huitumia kwa kipato: mshahara mdogo wa kila mwezi dhidi ya vibarua vya hapa na pale. Wengine huitumia kwa msaada, kwamba anayekusaidia mfululizo si sawa na anayekukumbuka Idi kwa Idi. Wanafunzi hupenda kuniuliza kama haipingani na *Haba na haba hujaza kibaba*. Inapingana. Methali zetu hupingana mara nyingi tu, na kila moja ina siku yake.

Nipe tanakali nyingine za maji. Mtoto ana mtihani.

Nilikuwa najua swali hili linakuja. Wazazi wa Kenya walikuwa wakiniuliza kila mwaka mpaka KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa kwa mara ya mwisho 2023, na bado wanauliza. Zile zinazokubalika bila ubishi ni hizi: matone yanadondoka *ndo! ndo! ndo!*, maji yanachuruzika *chururu*, yanamwagika *mwaa*, mtu au jiwe linatumbukia majini *chubwi!*, akiangukia matopeni ni *pwata!* Angalia ya mwisho, maana watoto huweka *chubwi* kwenye tope, na tope halisemi chubwi.

Ila usimfundishe mtoto orodha tu. Mpe sufuria ya maji na kijiko, akae uani dakika kumi.

Kuvuja ni sawa na kuchuruzika?

Hapana. Kuvuja kunazungumzia chombo. Paa linavuja, mtungi unavuja, dau linavuja. Kuna kitu kilichotakiwa kuzuia na kimeshindwa. Maji yanayovuja yanaweza kudondoka au kuchuruzika, ndiyo maana fundi wangu aliuliza "linavuja *vipi*".

Wala si lazima yawe maji. *Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi*: pakacha ni kapu la makuti, na mzigo ukipungua njiani mwenye mali anapata hasara lakini shingo ya mbebaji inapumua. Siri huvuja. Mitihani huvuja, na anayehusika *ameivujisha*. Kwa hayo huwezi kutumia tiririka wala churuzika, siri haichuruziki.

Mkondo, mtiririko na mfereji vinatofautiana vipi?

*Mkondo* ni njia ya maji yenyewe na nguvu iliyomo. Muogeleaji huchukuliwa na mkondo. Maji hufuata mkondo, kama isemavyo methali. Kutoka hapo neno limekwenda mbali: mkondo wa umeme, mkondo wa bahari, na shuleni "Kidato cha Kwanza kina mikondo mitatu".

*Mtiririko* ni ule mwendo, si njia. Siku hizi ni neno la ofisini zaidi kuliko la mtoni: mtiririko wa fedha, mtiririko wa matukio, "insha haina mtiririko". Mwalimu akiandika hivyo pembeni ya insha yako anamaanisha aya zako zimekatika, kila moja imesimama kivyake kama madimbwi baada ya mvua.

*Mfereji* unahitaji tahadhari ya mahali. Bara ya Tanzania mfereji ni mtaro uliochimbwa kupitisha maji. Wachagga walichimba mingi kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuteremsha maji hadi kwenye migomba, na kwa lugha yao huiita *mfongo*. Lakini ukifika Unguja au Mombasa, mfereji ni bomba la kukinga maji, na "nenda mferejini" maana yake nenda na ndoo. Mgeni kutoka Moshi akiambiwa anywe maji ya mfereji anaweza kukataa kwa adabu, akidhani anaambiwa anywe ya mtaroni.

Maji yaliyosimama nayaitaje?

*Yaliyotuama.* Mabango ya afya yamelifanya neno hili lijulikane: fukia madimbwi, ondoa maji yaliyotuama, mbu wasizaliane.

Ule ukungu wa maji unaoruka chini ya maporomoko una jina?

Neno la karibu ni *manyunyu*, lilelile la mvua nyepesi. Wengine husema *rasharasha*. Ukisimama mbali unaona kama moshi, na hapo wenyeji wa Mto Zambezi ndio walioona vizuri: Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi unaonguruma. Livingstone alipofika 1855 akayapa jina la malkia wake, Victoria. Maporomoko hayo yana upana wa kama mita 1,700 na urefu wa mita 108, na manyunyu yake huonekana kabla hujayasikia maji yenyewe.

Lakini kisa cha manyunyu kinachotuhusu zaidi ni cha Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Chini ya maporomoko ya mto huo aliishi chura mdogo sana wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali anayezaa vichura hai, na dunia nzima hakuwa mahali pengine. Makazi yake hayakuwa mto wala ziwa. Yalikuwa manyunyu: majani na mawe yanayolowa mchana na usiku kwa maji yaliyosagika hewani. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Maporomoko yakapungua, manyunyu yakakatika. Wataalamu wakafunga mabomba yenye vinyunyizio ili kuyaiga, na vyura wapatao 500 wakasafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, kuzalishwa huko. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ameisha. Vizazi vya wale waliosafirishwa vilianza kurudishwa nyumbani 2010, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtu akiniambia manyunyu ni neno dogo la mvua ndogo, namsimulia habari za chura huyo.

Niseme "Maporomoko ya Rusumo" au "Rusumo" tu?

Kwa Kinyarwanda *isumo* ni maporomoko, kwa hiyo ukisema "Maporomoko ya Rusumo" ni kana kwamba umesema mara mbili. Sema tu. Kiswahili hakidaiwi kujua kila lugha ya jirani, na msomaji wa Tanga anahitaji kuambiwa kuwa unazungumzia maji, si kituo cha mpakani. Maana Rusumo kwa dereva wa lori ni forodha, na kwa mhandisi ni mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Nyahururu nchini Kenya ni mfano mwingine. Wazungu waliyaita maporomoko yake kwa jina la Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883. Tamka polepole: Nya-hururu. Sidai chochote kuhusu asili, lakini sikio la Mswahili linasikia chururu iliyonenepa. Na Karuru je?

Mto ukipita kwenye mawe kwa kasi, bila kushuka jabali, bado ni maporomoko?

Kiswahili hakikutenga majina mawili. Maporomoko ya Boyoma, juu ya Kisangani, ni mfululizo wa sehemu saba uliotandazwa kwenye kilomita mia moja hivi za Mto Kongo, na hakuna hata moja ambayo ungeichapisha kwenye kalenda kwa urefu wake. Bado ni maporomoko, na wavuvi wa jamii ya Wagenia husimika magogo ndani yake na kutega mitego mikubwa ya umbo la kapu. Kama tofauti ni muhimu, kwa mfano unaandikia wapiga makasia, eleza waziwazi: "maji ya kasi yenye mawe", "mteremko wa mto". Usibuni neno.

Machozi, jasho, damu: vitenzi ni vilevile?

Karibu vyote, na ngazi ya machozi inafaa kukariri. Yanapojaa machoni bila kushuka, *yanamlengalenga*. Yakishuka kimya, *yanamtiririka*. Yakishindikana kabisa, mtu *anabubujikwa na machozi*. Zingatia hiyo *-wa*: mtu habubujiki, anabubujikwa. Jasho *humtiririka* au *humtoka* tu. Damu *huchuruzika*, na ikitoka kwenye mshipa mkubwa *hufoka*, hapo usiandike insha, kimbiza mtu hospitali.

Watu "wanamiminika" uwanjani. Ni sawa?

Ni sawa, tena inapendeza. *Wanamiminika* wakati wanaingia; uwanja *umefurika* wakishajaa. *Furika* ni kupita ukingo, kama mto. Hapo niseme jambo kuhusu "mto umevunja kingo zake", ninayoikuta sana kwenye taarifa za mvua. Inanukia Kiingereza. Mto *umefurika*, au *umejaa ukatoka nje*. Kingo hazijavunjwa, ziko palepale chini ya maji.

Kuporomosha je?

Kuporomosha matusi ni kuyatoa kwa wingi bila kupumua, na picha yake ni ya mawe mlimani. Kwa vijana wa Dar, "kaporomosha mjengo" maana yake amejenga nyumba kubwa. Ndiyo, amejenga. Msiniulize ilikuwaje.

Na kutiririsha?

Kitenzi hiki kina maisha mawili. La kwanza ni la mitaani: *kutiririsha majitaka*, kosa ambalo maofisa wa afya hulikemea kila msimu wa mvua, watu wanapofungua mashimo ya vyoo ili mafuriko yabebe. Mtaani kitendo hicho kinaitwa *kutapisha choo*. La pili ni la mtandaoni, kutiririsha video au muziki, na limeanza kuzoeleka. Sina ugomvi nalo, ila ukiandika "tunatiririsha moja kwa moja" hakikisha sentensi ina neno video au matangazo mapema, kwa sababu lile la kwanza lina harufu.

Bahari nayo hutiririka?

La. Bahari hujaa na kupwa. Maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni *bamvua*, na yale yasiyokwenda mbali ni *maji mafu*. Mikondo imo ndani yake, lakini bahari nzima haina pa kutiririkia. Mto ndio *unaomwaga maji* baharini.

Kwa nini Nairobi wanasema "maji inatoka" na Lubumbashi "mayi"?

Kwa sababu ni lugha za watu wanaozitumia kutwa nzima, na upatanisho wa *ya-* umechakaa kwa matumizi. Kwenye barua, mtihani na gazeti andika *maji yanatoka*. Kwenye ngazi ya ghorofa ya Eastlands ukisema "maji yametoweka" jirani atakuelewa, lakini atakuwa ameshasema "maji imepotea" na kushuka na mtungi.

Na yakiacha kutoka kabisa?

Mto *umekauka*. Kisima *kimekauka*. Bomba *limekatika*? Hapana, hilo lingekuwa bomba lenyewe limevunjika. Sema *maji yamekatika*, kama umeme. Yanaporudi, "yamerudi", au wengi wetu hupiga kelele tu, "Majiiii!", na sarufi inasubiri mpaka madumu yajae.

Kamusi yangu imeandika "chiririka". Ni kosa la chapa?

Si kosa. Ni ndugu yake *tiririka* na *churuzika*, na *mchirizi* unafanana naye sura. "Mapromoko" na "mtiriko" ndiyo makosa. Nimeyafuta mara nyingi kiasi kwamba kalamu inakwenda yenyewe.